Somo la Karakana: Klachi Inayoteleza Kwenye Lori la Zamani la Jeshi

Katika toleo hili tunaingia karakanani. Somo letu linahusu tatizo ambalo wenye malori ya zamani wanalijua vizuri: injini inanguruma, moshi unatoka, lakini lori halipandi mlima. Mitaani watu husema "klachi imeisha." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, klachi haijaisha, bali inazuiwa kushika, na anayenunua mpya bila kutafuta sababu hurudi dukani baada ya miezi michache.

Tuchukue mfano wa kikundi kimoja cha maji. Wanachama walichanga fedha wakanunua lori la Bedford la foo-wili, la tani 4, lililowahi kutumika jeshini. Walilifunga tangi la lita 5,000 ili wapeleke maji kwenye shule na maboma yaliyo mbali na barabara ya lami. Malori haya yanapendwa kwa sababu yapo juu, yanapita kwenye mchanga na makorongo, na vyuma vyake ni vinene. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha kikundi kilikuwa kimebadilisha klachi mara mbili. Mara ya tatu, klachi ilianza kuteleza katikati ya kilima, tangi likiwa limejaa, na tanboi akalazimika kuruka chini kutia mawe nyuma ya magurudumu. Hakuna aliyeumia. Siku hiyo shule haikupata maji.

Tutalirejelea lori hilo tunapoendelea.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, uweze:
1. Kueleza klachi inafanya kazi gani na kwa nini huteleza.
2. Kuitofautisha klachi inayoteleza na injini dhaifu.
3. Kuanza na ukaguzi usio na gharama kabla ya kushusha gia boksi.
4. Kujua cha kumuuliza fundi kabla ya kumlipa.

Klachi hufanya kazi gani?

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, nalo huzunguka injini inapozunguka. Mbele ya gia boksi kuna shafti. Kati ya flaiwili na shafti hiyo kuna sahani ya klachi, ambayo mafundi huiita klachi pleti. Sahani hii imevalishwa lainingi pande zote mbili, kama lainingi ya breki. Nyuma yake kuna presha pleti yenye springi kali zinazoibana sahani dhidi ya flaiwili. Sahani ikibanwa sawasawa, vyote huzunguka pamoja na nguvu ya injini hufika magurudumuni.

Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi husukuma vidole vya presha pleti, springi zikaachia, na sahani ikawa huru. Ukiachia pedali, springi hubana tena.

Klachi basi hushika kwa mambo mawili: mbano wa springi na ukavu wa lainingi. Kuteleza kote hutokana na upungufu wa kimojawapo, au na mzigo unaozidi uwezo wa vyote viwili. Ukilishika hilo, umeshika nusu ya somo.

Dalili, na zile zinazofanana nazo

Klachi inayoteleza hujulikana hivi:
- Ukikanyaga mafuta, mlio wa injini hupanda lakini mwendo wa gari hauongezeki.
- Tatizo huonekana kwanza kwenye gia kubwa, mlimani, au gari likiwa na mzigo.
- Kuna harufu kali ya kuungua, kama ya breki zilizopata moto.
- Ukiteremka mlima kwa gia, injini haizuii gari kama zamani. Hili ni la hatari, kwa kuwa breki peke yake ndizo zinazobaki kubeba uzito wote.

Usichanganye dalili hizo na za injini dhaifu. Injini ikikosa nguvu kwa sababu ya filta chafu, pampu mbovu au mgandamizo hafifu, mlio wake hushuka mlimani. Klachi ikiteleza, mlio hupanda. Sikiliza kwa makini kabla ya kufungua nati yoyote.

Kwenye foo-wili kuna mtego mwingine. Rodi ya kuchagua gia ya juu na ya chini kwenye transifa kesi isipoingia hadi mwisho, gia huruka ghafla na injini hunguruma bila gari kwenda. Tofauti ni kwamba gia ikiruka, nguvu hukatika mara moja na mara nyingi kwa mshindo. Klachi huteleza polepole, na huacha harufu. Vilevile, hakikisha si gurudumu linalozunguka bure kwenye mchanga au tope.

Vipimo viwili

Kipimo cha kwanza hufanywa barabarani. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu. Endesha kwa gia kubwa na mwendo wa wastani, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Injini na mwendo vipande pamoja. Injini ikikimbia peke yake, klachi inateleza.

Kipimo cha pili hufanywa gari likiwa limesimama. Liweke mahali tambarare, vuta handibreki, tia vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, na usiruhusu mtu yeyote kusimama mbele wala nyuma. Washa injini, ingiza gia kubwa, kisha achia pedali polepole huku ukiongeza mafuta kidogo. Injini inapaswa kufa. Ikiendelea kunguruma pedali ikiwa imeachiwa yote, klachi haishiki.

Kipimo hiki kifanywe mara moja tu. Kukirudia huunguza hata klachi nzima. Handibreki ikiwa mbovu, usikifanye kabisa.

Anza na yasiyo na gharama

Kwanza, pima nafasi huru ya pedali. Bonyeza pedali kwa mkono. Kwenye mfumo wa rodi au waya, pedali inapaswa kushuka kidogo kwa wepesi kabla hujahisi uzito wa springi. Kwenye malori mengi ya zamani nafasi hiyo huwa takriban milimita 20 hadi 40, lakini kauli ya mwisho ni ya kitabu cha gari lako.

Kwa nini nafasi hii ni muhimu? Kadiri lainingi inavyolika, presha pleti husogea kuelekea flaiwili, na vidole vyake husogea nyuma kuelekea beringi. Nafasi huru hupungua kidogo kidogo. Siku itakapokwisha, beringi itakuwa inasukuma vidole muda wote, kana kwamba mguu wa dereva haujatoka kwenye pedali. Springi hazibani tena kwa nguvu zote, na sahani nzima huanza kuungua. Dawa ni kulegeza nati ya kurekebishia, kurudisha nafasi, na kuikaza tena. Ni kazi ya dakika chache na spana mbili.

Pili, angalia kama pedali na rodi zinarudi zenyewe. Lori lililolala uwanjani miaka mingi hupata kutu kwenye ekseli ya pedali. Springi ya kurudishia huweza kuwa imekatika, au tope kavu limebana mkono wa klachi. Safisha, paka grisi, weka springi mpya.

Tatu, kama klachi ni ya mafuta ya breki, chunguza masta silinda. Ndani yake kuna tundu dogo linaloruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo. Rodi ya pedali ikirekebishwa vibaya isiachie hadi mwisho, au mtu akitia oili ya injini mahali pa mafuta ya breki na raba zikavimba, tundu hilo huzibika. Mafuta hubaki na mgandamizo na kuisukuma klachi. Kuna njia rahisi ya kujua: wakati klachi inateleza, simamisha gari, zima injini, weka vigingi, kisha fungua kidogo nipo ya kutolea hewa kwenye silinda ya chini bila kukanyaga pedali. Mafuta yakiruka kwa nguvu, na baada ya hapo klachi ikashika, tatizo liko kwenye mfumo wa mafuta na si kwenye sahani. Usishushe gia boksi.

Nne, chungulia chini ya nyumba ya klachi. Sehemu ya chini huwa na tundu la kutolea oili inayovuja. Magari mengi ya jeshi yametengenezwa kuvuka mito, kwa hiyo tundu hilo huwa na kizibo cha kufungwa kabla ya kuingia majini na kuondolewa baadaye. Wanunuzi wengi hawajui hili. Kizibo hubaki mahali pake miaka na miaka, oili hukusanyika ndani, na flaiwili huirusha kwenye lainingi. Ondoa kizibo na uweke chombo chini. Oili nyeusi na nyepesi imetoka kwenye injini, kwa kawaida kupitia sili ya nyuma ya krenki shafti. Oili nzito yenye harufu kali imetoka kwenye gia boksi. Fundi anapaswa kujua ni ipi kabla ya kuanza kazi.

Kwenye lori la kikundi chetu cha maji, tundu lilikuwa limezibwa na tope lililokauka kama saruji. Lilipotobolewa, oili nyeusi ilimwagika. Fundi aliyeweka klachi ya pili hakuwa amegusa sili. Aliweka sahani mpya kwenye nyumba inayovuja.

Ikibidi kushusha gia boksi

Ikiwa umerekebisha pedali na klachi bado inateleza, au umepata oili ndani, hakuna njia nyingine. Kazi hii ifanywe na fundi aliyehitimu akiwa na wasaidizi. Gia boksi ya lori ni chuma kizito, na imewahi kuwavunja watu miguu na vidole.

- Tenganisha betri. Weka vigingi. Gari likiinuliwa, lisimame juu ya stendi imara, si jeki peke yake, na kamwe si juu ya mawe.
- Tia alama kwenye flanji za propela kabla ya kuzifungua, ili zirudi zilivyokuwa.
- Beba gia boksi kwa jeki maalumu au mnyororo. Usiiache ining'inie kwa shafti yake ndani ya sahani, kwa kuwa utaipinda sahani hata kabla haijatumika.
- Tia alama kwenye presha pleti na flaiwili. Legeza boliti kidogo kidogo, ukivuka upande huu na ule, ili presha pleti isipinde.

Onyo kuhusu vumbi. Lainingi nyingi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Vumbi lake likiingia mapafuni husababisha magonjwa ya kudumu, ikiwemo saratani, na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Usipulize nyumba ya klachi kwa upepo wa kompresa. Lowesha vumbi kwa maji, vaa barakoa inayofaa, futa kwa kitambaa kilicholowa, kisha funga vitambaa na lainingi kuukuu ndani ya mfuko mgumu. Usivitupe kwenye jaa la mtaa wala kuvichoma. Watoto wasikaribie.

Cha kukagua

Sahani ya klachi. Kama lainingi imelika hadi vichwa vya riveti vinakaribia kugusa, ibadilishwe. Kama imelowa oili, usikubali kuoshwa kwa petroli. Oili huwa imeshaingia ndani, na sahani ikipata joto itatoka tena. Sahani ambayo chuma chake ni kizima inaweza kuvalishwa lainingi mpya na mafundi wanaoifahamu kazi hiyo. Kwa magari ambayo vipuri vyake ni adimu, hii huwa njia ya busara, mradi unene, upana na aina ya lainingi vilingane na ya awali. Kagua pia meno ya katikati na springi ndogo za sahani.

Flaiwili. Itazame uso wake. Rangi ya samawati inaonyesha ilipata joto kali. Mikwaruzo na nyufa ndogo za juu juu zinaweza kuondolewa na mkerezaji, ndani ya kiwango ambacho kitabu kinaruhusu. Nyufa zinazoingia ndani zina maana moja: flaiwili haifai. Ikipasuka katika mwendo, vipande vyake hupenya bati la kebini.

Presha pleti. Springi zilizopata joto hulegea, na kwa macho huenda zisionyeshe tofauti. Linganisha urefu wa springi moja na nyingine. Kwenye presha pleti za vidole, vidole vyote viwe na kimo kimoja.

Beringi na sili. Badilisha beringi ya klachi na ile ndogo iliyo katikati ya krenki shafti wakati gia boksi iko chini. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kushusha gia boksi upya. Sili iliyovuja ibadilishwe kabla sahani mpya haijatolewa kwenye karatasi yake.

Kurudisha

Safisha uso wa flaiwili na presha pleti. Usishike lainingi kwa mikono yenye grisi. Hakikisha upande wa sahani uliokusudiwa kutazama flaiwili ndio unaoitazama. Weka sahani katikati kwa kutumia shafti ya zamani ya gia boksi au kijiti kilichokerezwa kwa kipimo, kisha kaza boliti kwa mzunguko wa kuvuka, kidogo kidogo. Paka grisi nyembamba tu kwenye meno ya shafti. Ikizidi, itarushwa kwenye lainingi. Rudisha gia boksi bila kuilazimisha kwa kuivuta na boliti. Maliza kwa kuweka nafasi huru ya pedali.

Siku za kwanza, endesha bila mzigo mzito ili lainingi ikae. Baada ya wiki moja pima pedali tena, kwa maana lainingi mpya ikishakaa, nafasi hupungua.

Uzito wa maji

Turudi kwa kikundi chetu. Oili ilieleza klachi ya pili. Je, ya kwanza?

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita 5,000 ni kilo 5,000. Tuseme tangi tupu na pampu yake vina kilo 600. Jumla ni kilo 5,600 juu ya lori lililotengenezwa kubeba kilo 4,000. Limezidishwa kilo 1,600, yaani asilimia 40. Hata klachi mpya kabisa, iliyofungwa na fundi bora, inaweza kuteleza mlimani chini ya mzigo huo. Breki nazo zinaweza kushindwa, na hapo hasara haitakuwa ya sahani tena.

Kwa hesabu hiyo, lori hilo linafaa kubeba lita 3,400, hakuna zaidi. Lakini msijaze nusu ya tangi kubwa mkadhani mmetatua jambo. Maji yasiyojaa tangi huyumba kwenye kona na huweza kulipindua lori. Tangi dogo linalojaa, lenye kuta za ndani za kuvunja mawimbi, ni salama zaidi. Safari zitaongezeka, ndiyo. Lakini safari mbili zinazofika ni bora kuliko moja inayokwama kilimani.

Neno kwa dereva

- Usiweke mguu juu ya pedali unapoendesha. Uzito wa kiatu unatosha kuiunguza klachi.
- Usilishikilie lori mlimani kwa klachi. Tumia breki.
- Ondoka kwa gia ya kwanza, na kwenye mlima mkali weka gia ya chini ya transifa kesi kabla ya kuanza kupanda, si katikati.
- Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama na uache ipoe. Mwambie mwenye gari siku hiyo hiyo.

Maswali ya marudio

1. Mlimani, mlio wa injini unashuka na gari linapunguza mwendo. Je, klachi inateleza?
2. Kwa nini nafasi huru ya pedali hupungua lainingi inapolika?
3. Fundi anakuambia ununue klachi mpya kabla ya kufungua tundu la chini. Utamuuliza nini?
4. Lori la tani 4 lina tangi lenye uzito wa kilo 500 likiwa tupu. Lifae kubeba lita ngapi za maji?

Majibu: (1) Hapana, chunguza injini kwanza. (2) Vidole vya presha pleti husogea nyuma kuelekea beringi. (3) Kama kuna oili, ni ya injini au ya gia boksi, na sili itabadilishwa? (4) Lita 3,500.

Kwa vijana walio kwenye vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, chukueni somo hili mkalijaribu karakanani chini ya uangalizi wa mwalimu wenu. Kwa vikundi vinavyotaka kununua lori la zamani kwenye mnada, nendeni na fundi wenu, mlifanyie kipimo cha pedali, mfungue tundu la chini, na mhakikishe linaweza kusajiliwa NTSA kabla ya kutoa fedha za wanachama. Kinga ni bora kuliko tiba, hata kwa chuma.